Figo hujengwa mara moja tu tumboni, na mishipa ya damu ndiyo nguzo yake

MGONJWA wa figo anayeishi Sirisia hulazimika kufunga safari hadi mjini Bungoma au Kitale ili damu yake isafishwe kwa mashine. Safari hiyo hurudiwa mara mbili au tatu kila wiki, na kila kikao huchukua takriban saa nne. Nauli, siku za kazi zinazopotea na uchovu wa mwili humwandama maisha yake yote, isipokuwa apate mtu wa kumpa figo moja.

Hapo ndipo swali huzuka. Tangu mwaka 2015, wanasayansi wamekuwa wakikuza maabarani vipande vya tishu vinavyofanana na figo changa ya binadamu. Basi mbona mgonjwa wa Sirisia hajatengenezewa figo mpya akaachana na mashine?

Jibu fupi ni mishipa ya damu. Watafiti wamefaulu kukuza vijifereji vya figo, lakini kuviunganisha na mishipa inayopitisha damu kwa kiwango cha kumfaa mtu mzima ni kazi ambayo haijakamilika.

Aidha, kadiri wataalamu wanavyochunguza namna mishipa hiyo inavyochipuka katika figo ya kiinitete, ndivyo wanavyozidi kubaini jambo linalomhusu kila mama mjamzito na kila familia. Idadi ya vichujio vya figo ambavyo mtu atavitegemea hadi uzeeni huamuliwa karibu yote kabla hajazaliwa.

Chujio lililofumwa kwa mishipa

Figo mbili za mtu mzima kwa pamoja hazifikii hata asilimia moja ya uzani wa mwili wake. Hata hivyo, takriban sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupitia humo. Hiyo ni kama lita moja kila dakika.

Kwa siku moja, figo huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwa damu, kisha huyarejesha karibu yote mwilini na kuacha lita moja au mbili tu zitoke kama mkojo.

Kazi hiyo hufanywa na vichujio vidogo mno viitwavyo nefroni. Kwa wastani, kila figo huwa na nefroni milioni moja hivi, ingawa wapo watu wenye takriban 200,000 tu na wengine zaidi ya milioni mbili.

Nefroni ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni kifundo cha mishipa midogo ya damu iliyosokotana kama nyuzi, nacho huitwa glomeruli. Ya pili ni kijifereji kirefu kinachopokea maji yaliyochujwa na kuyarejesha mwilini yale yanayohitajika.

Ukuta wa glomeruli una matabaka matatu. Ndani kuna seli za mshipa wa damu zenye vitundu vidogo sana. Katikati kuna utando mwembamba. Nje kuna seli zenye vijiguu vinavyoukumbatia mshipa, nazo huitwa podosaiti. Tabaka moja likiharibika, chujio ama huziba au huvujisha protini kwenye mkojo.

Mtu anayejua jinsi maji yanavyoteremshwa kutoka miteremko ya Mlima Elgon hadi kwenye mifereji ya vijijini ataelewa kiini cha tatizo. Chujio hata likiwa zuri namna gani halina faida ikiwa bomba halikuunganishwa nalo. Figo pia ni vivyo hivyo, kwani kijifereji kisichofikiwa na damu hakina cha kuchuja.

Figo inavyochipuka

Katika binadamu, figo ya kudumu huanza kuundwa takriban wiki ya tano baada ya mimba kutungwa. Chipukizi dogo la mfereji huingia katika kifungu cha seli laini, na pande hizo mbili huanza kuamrishana kwa kemikali.

Seli laini huliambia chipukizi litoe matawi. Ncha za matawi nazo huziambia seli laini zijikusanye na kuwa nefroni. Tawi moja huzaa mawili, mawili huzaa manne, na mambo huendelea hivyo hadi mti mzima wa mifereji usimame.

Wakati huohuo mishipa ya damu hutanda. Kwanza huwa wavu wa kapilari unaoizunguka kila ncha ya tawi. Tawi linapogawanyika, wavu mwingine hufumwa kuzizunguka ncha mpya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh nchini Uingereza walieleza mizunguko hiyo mwaka 2017, baada ya kuchunguza figo za viinitete vya panya.

Baadaye, nefroni changa huchukua umbo linalokaribia herufi S. Seli za mshipa wa damu hupenya kwenye mkunjo mmoja wa umbo hilo, nazo hujigawa na kujisokota hadi kifundo cha glomeruli kikamilike.

Zaidi ya nusu ya nefroni zote huundwa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Ifikapo takriban wiki ya 36, ujenzi hukoma. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati huendelea kuunda nefroni kwa wiki chache tu, kisha mlango hufungwa. Baada ya hapo mtu hapati nefroni mpya hata akiishi miaka 100.

Kutoka sahani ya maabara hadi yai la kware

Kwa kuwa haiwezekani kulifungua tumbo la mama ili kutazama ujenzi huo, watafiti wamelazimika kutafuta vielelezo vya tishu ambavyo vinaweza kuwekwa chini ya hadubini.

Katika miaka ya 1950, mwanasayansi Clifford Grobstein wa Marekani alichukua tishu za figo kutoka kwa viinitete vya panya na kuzikuza juu ya kichujio chembamba kilichowekwa kwenye majimaji yenye virutubisho. Ndani ya siku chache, seli zilizokuwa zimetawanyika zilijipanga na kuwa vijifereji. Mbinu hiyo ingali inatumika hadi leo, ikiwa imeboreshwa.

Hata hivyo, dosari moja ilijitokeza. Vijifereji vilikua na podosaiti zikajipanga, lakini kifundo cha glomeruli kilibaki bila mishipa ya damu, mfano wa mzinga usio na nyuki.

Swali likawa hili: je, mishipa ya figo huzaliwa ndani ya figo yenyewe, au huingia kutoka nje?

Mfugaji wa kuku anayemulika kwa tochi yai lililoatamiwa kwa siku tano au sita huona mishipa myekundu iliyotanda kama mizizi. Siku chache baadaye, chini ya ganda huwa pametanda utando uliojaa mishipa, ambao hukipa kifaranga hewa. Utando huo ni mwepesi kupokea kipande cha tishu ngeni na kukipelekea damu.

Mnamo 1983, watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, wakiongozwa na Hannu Sariola, waliutumia utando wa namna hiyo. Waliweka figo za viinitete vya panya juu ya utando wa mayai ya kware, ndege ambaye wakazi wengi wa magharibi mwa Kenya humfahamu kama isindu.

Kware hakuchaguliwa kwa bahati. Mtafiti Nicole Le Douarin wa Ufaransa alikuwa amegundua katika miaka ya 1960 kwamba kiini cha seli ya kware kina alama inayoonekana waziwazi kwa hadubini. Kwa hivyo, seli yoyote ya kware ikijipenyeza miongoni mwa seli za panya, hutambulikana mara moja.

Matokeo yalikuwa ya kusisimua. Glomeruli za panya zilipata mishipa ya damu, na mishipa hiyo ilikuwa na alama ya kware. Ilionekana basi kwamba mishipa huingia kutoka nje.

Lakini katika miaka ya 1990, watafiti wengine walipandikiza figo za viinitete vya panya ndani ya panya wenzao, badala ya kutumia yai. Mara hii, sehemu kubwa ya mishipa ilitoka katika kipande kilichopandikizwa. Ilibainika kuwa hata kabla ya damu kuanza kupita, figo changa huwa na seli zake zenyewe zilizo tayari kugeuka mishipa.

Leo wataalamu wengi wanakubali kuwa njia zote mbili hutumika. Mishipa mingine huchipuka kutoka ile mikubwa iliyo nje, na mingine huundwa na seli zilizomo ndani. Funzo kubwa ni kwamba kielelezo cha maabara hujibu kulingana na mazingira kilimowekwa, na jibu la kielelezo kimoja halitoshi kuwa hukumu ya mwisho.

Seli zinazoita damu

Kuna jambo lingine ambalo sahani ya maabara ilikuwa imelificha, nalo ni oksijeni. Hewa tunayovuta ina takriban asilimia 21 ya oksijeni. Kiinitete tumboni huishi katika kiwango cha chini zaidi.

Mwaka 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani walikuza figo za viinitete katika hewa yenye asilimia tano tu ya oksijeni. Seli za mishipa, ambazo katika hewa ya kawaida zilikuwa zikififia, ziliongezeka.

Sababu ni kemikali iitwayo VEGF, ambayo huchochea mishipa ya damu kukua. Seli zikikosa oksijeni huitoa kwa wingi, kana kwamba zinapiga mbiu kuomba damu iletwe. Watafiti walipoizuia kemikali hiyo, mishipa haikuongezeka. Kwa maneno mengine, hewa nzuri ya maabara ndiyo iliyokuwa imeinyamazisha mbiu hiyo.

Wapiga mbiu wakuu katika glomeruli ni podosaiti. Mwaka 2003, kikundi cha Susan Quaggin mjini Toronto, Canada, kilichapisha utafiti kuhusu panya ambao podosaiti zao zilikuwa zimebadilishwa jeni zisitoe VEGF. Wanyama hao hawakuunda vifundo kamili vya mishipa, na walikufa punde baada ya kuzaliwa.

Panya waliosalia na nusu ya kiwango cha kawaida walizaliwa wakiwa hai, lakini figo zao ziliharibika baada ya wiki chache. Waliozidishiwa kemikali hiyo nao pia waliugua. Ilidhihirika kuwa figo haihitaji VEGF tu, bali huihitaji kwa kipimo maalumu.

Ugunduzi huo ulikuja kuangaza maradhi ambayo kila mkunga anayafahamu. Mwaka huohuo wa 2003, kikundi cha Ananth Karumanchi mjini Boston, Marekani, kilionyesha kuwa kondo la nyuma la mwanamke mwenye dalili za kifafa cha mimba hutoa kwa wingi protini inayoinasa VEGF na kuizuia kufanya kazi. Glomeruli za mama huvimba, protini huvuja kwenye mkojo, na shinikizo la damu hupanda.

Ndiyo maana mhudumu wa kliniki humpima mjamzito shinikizo la damu na mkojo kila anapofika. Kijiti kinachotiwa kwenye mkojo hutafuta protini iliyovuja kupitia ukuta uleule ambao watafiti wanauchunguza katika panya.

Figo ndogo zisizofikiwa na damu

Sura mpya ya utafiti huu ilifunguliwa na Shinya Yamanaka wa Japani. Mwaka 2006 aligundua kwa kutumia seli za panya, na mwaka 2007 kwa seli za binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa kwenye hali ya seli shina, yaani seli inayoweza kugeuka kuwa tishu yoyote ya mwili. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2012.

Kwa kutumia seli za aina hiyo, kikundi cha Melissa Little nchini Australia kilitangaza mwaka 2015 kwamba kimekuza kipande chenye nefroni, vijifereji na hata seli za mishipa ya damu. Vipande kama hivyo huitwa oganoidi.

Oganoidi zina manufaa makubwa. Dawa inaweza kujaribiwa juu yake kabla ya kupewa mtu, ili ijulikane kama inadhuru figo. Seli za mgonjwa mwenye maradhi ya kurithi zinaweza kukuzwa ili kuona kasoro inaanzia wapi. Isitoshe, hatua za mwanzo za ujenzi wa figo ya binadamu zinaweza kutazamwa bila kugusa mimba yoyote.

Lakini oganoidi si figo kamili. Ile ya mwaka 2015 ilikuwa na takriban nefroni 100, ilhali figo ya mtu ina milioni moja. Ukomavu wake ulilingana na wa figo ya kijusi katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Haina mfereji mmoja wa kutolea mkojo. Zaidi ya yote, mishipa yake haipitishi damu, na mara nyingi haipenyi inavyostahili ndani ya glomeruli.

Hapo watafiti walirudia maarifa ya zamani. Mwaka 2018, kikundi cha Leiden nchini Uholanzi kilipandikiza oganoidi za binadamu chini ya ngozi laini inayofunika figo ya panya. Mishipa iliungana, damu ikapita, na glomeruli zikakomaa kuliko zilivyowahi kukomaa katika sahani.

Mwaka 2019, kikundi cha Nuria Montserrat mjini Barcelona, Uhispania, kiliweka oganoidi kwenye utando wa yai la kuku, zikapata mishipa ya damu. Mbinu iliyotumiwa Helsinki miaka 36 awali ikawa imerejea, safari hii kwa tishu za binadamu.

Katika mwaka huohuo wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walitumia njia isiyohitaji mnyama. Walizilaza oganoidi ndani ya kijisanduku na kupitisha majimaji yenye virutubisho juu yake bila kukoma. Msukumo wa majimaji pekee uliifanya mishipa kuongezeka na nefroni kukomaa zaidi.

Hivyo basi, mtiririko wenyewe ni sehemu ya ujenzi. Mto huchimba njia yake kwa nguvu ya maji yake, na mshipa wa damu nao huimarishwa na kinachopita ndani yake. Figo iliyokuzwa mahali pasipo na mtiririko hubaki changa.

Hata wanaotafuta njia nyingine ya kupata figo hukutana na mishipa ya damu. Machi 2024, madaktari mjini Boston walimpandikizia mgonjwa aliye hai figo ya nguruwe aliyebadilishwa jeni, tukio la kwanza la aina hiyo duniani. Katika upandikizaji wa namna hiyo, ukuta wa mishipa ya damu ndio ambao kinga ya mwili huushambulia mwanzo, na mabadiliko mengi ya jeni hufanywa ili kuukinga.

Hesabu isiyorudiwa

Iwapo figo ya maabara ingali mbali, je, maarifa haya yana faida gani kwa mkazi wa Sirisia, Chwele au Malakisi? Yana faida kubwa, kwa kuwa yanaonyesha ni wakati gani figo inaweza kuokolewa.

Mwaka 1988, daktari Barry Brenner na wenzake nchini Marekani walitoa hoja kwamba mtu anayezaliwa na nefroni chache hukabiliwa na hatari zaidi ya kupata shinikizo la damu ukubwani. Vichujio vichache hulazimika kufanya kazi ya vingi, damu hupita kwa nguvu zaidi katika kila kifundo, na baada ya miaka mingi vifundo hivyo huanza kuchakaa.

Ushahidi ulifuata. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2003 ulihesabu nefroni za watu waliofariki katika ajali. Watu 10 waliokuwa na shinikizo la damu walikuwa na takriban 700,000 kwa kila figo. Wengine 10 wa umri kama wao, ambao hawakuwa na tatizo hilo, walikuwa na takriban 1,400,000.

Uchunguzi mwingine wa mwaka huo ulionyesha kuwa kila kilo moja inayoongezeka katika uzani wa mtoto anapozaliwa huambatana na nefroni zaidi ya 250,000 katika kila figo. Mtoto mwenye uzani wa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa mdogo kupita kiasi, na huenda akaanza maisha akiwa na akiba ndogo ya vichujio.

Si kila mtoto wa namna hiyo atakayeugua. Wengi huishi maisha marefu yenye afya. Hata hivyo, akiba yake ikiwa ndogo, kisukari, shinikizo la damu au dawa zinazodhuru figo humfikisha ukingoni mapema kuliko mwenzake.

Yanayowezekana Sirisia leo

Bungoma ni miongoni mwa kaunti zenye malaria kwa wingi. Vimelea vya malaria hujificha katika kondo la nyuma la mjamzito, hupunguza chakula na hewa inayomfikia mtoto, na ni chanzo kinachojulikana cha watoto kuzaliwa wakiwa wadogo au kabla ya wakati.

Mtafiti Mkenya Anthony Etyang na wenzake walitoa hoja mwaka 2016 kwamba huenda malaria, kwa njia hiyo na nyinginezo, inachangia shinikizo la damu barani Afrika. Uchunguzi waliouchapisha mwaka 2019 kutoka Kilifi haukupata ushahidi kwamba kuugua malaria utotoni humpandishia mtu shinikizo ukubwani. Hoja hiyo basi haijathibitishwa, lakini madhara ya malaria kwa uzani wa mtoto hayana shaka.

Kwa sababu hiyo, mjamzito katika maeneo kama Sirisia hushauriwa kulala ndani ya neti yenye dawa na kumeza dawa ya SP kliniki kuanzia wiki ya 13 ya ujauzito, angalau mara tatu, kwa kupishanisha mwezi mmoja au zaidi. Mwanamke anayetumia dawa ya kuzuia maambukizi kwa sababu ya virusi vya Ukimwi amweleze mhudumu mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hazichanganywi na SP.

Jambo la pili ni kwenda kliniki mapema. Ujenzi wa figo huanza wakati ambapo wanawake wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito. Anayefika kliniki mwezi wa saba huwa amechelewa kupimwa shinikizo la damu na mkojo katika kipindi ambacho sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ikiendelea.

Jambo la tatu linahusu dawa zinazonunuliwa dukani bila ushauri. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac zinaweza kuidhuru figo ya mtoto zikitumiwa kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito. Mwaka 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kundi hilo la dawa.

Kadhalika, dawa za shinikizo la damu kama enalapril na losartan hazifai wakati wa ujauzito. Dawa hizo huzuia mfumo wa mwili ambao figo changa huutegemea katika ujenzi wa mishipa na vijifereji vyake. Mwanamke anayezitumia asiziache kiholela, bali amwone daktari mara tu anapopanga kupata mimba au anapotambua kuwa ameipata, ili abadilishiwe.

Jambo la nne ni kutosahau mtoto alizaliwa na uzani gani. Kijitabu cha kliniki chenye kumbukumbu hiyo kisitupwe mtoto anapoanza shule. Aliyezaliwa akiwa mdogo au kabla ya wakati anafaa kupimwa shinikizo la damu mara kwa mara anapokua, na kuepuka dawa za maumivu zisizoagizwa na daktari.

Upande wa utafiti pia una nafasi yake nchini. Taasisi ya Figo ya Afrika Mashariki jijini Nairobi ilianzishwa kuwa kituo cha kanda cha kufunza wataalamu wa figo. Na kati ya vielelezo vyote vilivyotajwa hapa, yai ndilo rahisi zaidi kupatikana. Chuo kikuu kilicho karibu na wafugaji, kama Kibabii katika kaunti hii ya Bungoma, kinaweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi mishipa ya damu inavyochipuka bila mtambo wa mamilioni ya pesa.

Mashine za kusafisha damu zilizosambazwa katika hospitali za kaunti kupitia mradi wa kukodisha vifaa wa mwaka 2015 zimeokoa maisha ya wengi, na zitaendelea kuhitajika. Lakini mashine humhudumia mtu ambaye tayari amepoteza vichujio vyake, ilhali neti, kijiti cha kupimia mkojo na dawa ya SP humlinda yule ambaye bado anavijenga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa figo mambo ni magumu zaidi, kwani ukuta wenyewe hujengwa mara moja tu, na fundi huondoka kabla mwenye nyumba hajazaliwa.